Ghislaine Poncelet, Aliyeinua Kibendera Dhidi ya Kwao

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza Jumapili tarehe 9 Oktoba 1988, katika uwanja wa Vergnemont ulio nyuma ya kanisa hili. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nachezea Lonchères, winga wa kulia, na kipindi cha kwanza kikielekea mwisho nilipenyezewa mpira nikajikuta peke yangu na kipa. Nikafunga. Nikakimbia mikono juu kama mwendawazimu, na nilipogeuka nikaona hakuna hata mwenzangu mmoja anayenifuata. Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mfupi, koti la mvua la bluu, buti za bustani, kibendera juu.

Nilimwendea. "Mama, hapo nimeotea wapi?"

"Kijana," alisema, "uliotea mbali hivi kwamba nilidhani unakuja kunisalimia."

Watu walioegemea uzio walicheka mpaka wakamwaga bia. Kipindi cha pili mpira ukatoka nje upande wake, na akawapa wageni warushe. Mumewe, Aimé, aliyekuwa kocha wa Vergnemont, alipiga kelele kutoka kwenye benchi: "Ghislaine! Sisi ndio wenye jezi za kijani!"

Akamjibu bila kugeuka: "Nazijua. Mimi ndiye ninayezifua."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mtu ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa mama mkwe wangu. Mimi ni fundi mwashi na shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo nimeandika nilivyoweza. Padri aliisoma karatasi hii juzi akaniomba nipunguze ukali. Nimepunguza. Mtakachosikia ndicho kilichopunguzwa.

Marehemu Ghislaine Hennequin alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 hapa Vergnemont, katika nyumba ya mawe iliyo karibu na daraja. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Fernand Hennequin, aliyefanya kazi kwenye tanuru la kiwanda cha chuma, na Bi Lucienne, aliyekuwa akishona. Alibatizwa katika kanisa hili. Aliyemtangulia, kaka yake, alifariki akiwa mchanga, na dada yake mdogo, Solange, yuko nasi hapa mbele.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1952. Wakati ule wasichana walikuwa upande wao na wavulana upande wao, na katikati ukuta. Mpira ulikuwa upande wa wavulana. Solange anasimulia kwamba siku moja mpira uliruka ukuta ukaangukia kwa wasichana, na wavulana wakapiga kelele warudishiwe. Ghislaine aliupanda ukuta na mpira chini ya kwapa, akashuka upande wa pili, akacheza nao. Katika purukushani alimng'oa mwenzake jino. Jino hilo lilikuwa la Gaston Villemin, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa klabu yetu kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu alipomuuliza kwa nini ameingia upande wa wavulana, alisema, "Kwa sababu mpira ulirudi huko." Alifaulu mtihani wa kumaliza shule mwaka 1960 na mwaka huo huo akaacha, kwa sababu baba yake aliungua mguu kiwandani na nyumba ilihitaji mshahara mwingine.

Aliajiriwa katika kantini ya kiwanda akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Alianza kwa kumenya viazi akaishia kuwa msimamizi wa jiko. Wengi mliomo humu mmekula viazi vyake vya sufuria vyenye nyama ya nguruwe, na wengi mmemsikia akiwaambia wahandisi wapange foleni kama watu wengine. Alikuwa na ulimi mkali. Hakupenda kuazimisha ngazi yake. Na kwenye karata alikuwa mwizi, mke wangu atathibitisha. Ukimshika alikuwa anacheka tu na kusema, "Hapa tunacheza kifamilia." Nasema haya ili mtu asidhani namtengeneza awe mtakatifu. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu mmoja kwenye meza ya karata na mtu mwingine kabisa akishika kibendera.

Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Aimé Poncelet, kiungo wa Vergnemont, hapa hapa. Picha ya harusi mmeiona kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi mliyonayo. Wanaume wote nyuma ya bibi harusi wamevaa jezi kwa sababu jioni ile walikuwa na mechi ya kirafiki ya sikukuu ya kijiji, na bwana harusi alicheza dakika zote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nadège na Thierry. Nadège ndiye mke wangu. Tulioana mwaka 1991 tukaenda kuishi kwetu Lonchères, kilomita sita kutoka hapa. Mama alisema amemtoa binti yake kwa adui, lakini angalau adui anajua kujenga ukuta.

Sasa nieleze habari ya kibendera, maana ndiyo habari yenyewe, na kila mtu humu ndani anajua kwamba nitaieleza.

Huku chini kwenye ligi ya wilaya refa huja peke yake. Kila klabu hutoa mtu wake wa kushika kibendera upande mmoja. Na sote tunajua jinsi vibendera hivyo vinavyofanya kazi. Wageni wakishambulia, mkono wa mwenyeji huwa mwepesi. Wenyeji wakishambulia, mkono unaingia baridi. Hakuna anayelalamika sana, kwa sababu Jumapili inayofuata wewe ndiye mgeni au wewe ndiye mwenyeji. Mwaka 1983 mzee aliyekuwa akishika kibendera cha Vergnemont alihamia kwa binti yake mjini. Mkaulizwa nani atachukua. Mkatazama viatu vyenu. Anayeshika kibendera hasimami kwenye kaunta ya bia ya klabu, hanywi, hakai chini ya paa. Mama alikuwa pale kwa sababu ya jezi. Akakiokota juu ya meza akasema, "Leteni basi, supu inapoa." Akakishika miaka kumi na tano.

Alishika kama alivyoona. Mwanzoni walimzomea wa pande zote mbili. "Bibi, rudi jikoni! Hicho si mwiko!" Yeye anajibu, "Jikoni nimetoka sasa hivi, na wewe ndiye uliyekula mara mbili." Baadaye mkamzoea. Mkawa mnajisifu kwa wageni kwamba Vergnemont ina kibendera cha kweli. Ilikuwa rahisi kujisifu, kwa sababu timu ilikuwa inafungwa kila Jumapili na hakuna kibendera ambacho kingeisaidia.

Halafu ukaja msimu wa mwaka 1997 na 1998.

Mwezi Oktoba kiwanda kilifungwa. Wanaume waliokuwa wakifika mazoezini wamechoka sasa walikuwa hawana pa kwenda asubuhi. Walianza kukimbia msituni kila siku. Aimé aliwapanga upya, akamweka Régis Wautier nahodha na mshambuliaji wa kati. Timu ikashinda. Ikashinda tena. Kufikia Krismasi mlikuwa nafasi ya pili nyuma yetu sisi Lonchères, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani walikuwa wanakuja na watoto wao na chupa za kahawa. Januari na Februari barafu ilifunga viwanja, mechi zikaahirishwa, na kijiji kizima kikawa kinatazama anga. Siwacheki. Nilikuja kula hapa Jumapili nyingi msimu ule na niliona jinsi uso wa mtu unavyobadilika akiwa na kitu cha kungojea. Klabu hii haikuwa imepanda daraja tangu ilipoanzishwa. Mlikuwa mmepoteza kiwanda, na mlitaka kitu kimoja.

Mama alitaka pia. Hilo ndilo linalonichoma. Mnadhani hakutaka? Alikuwa anafua zile jezi Jumapili usiku ili zikauke vizuri, na Jumamosi anazipiga pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia Nadège kwamba timu ikipanda atanunua pazia jipya la kantini ya klabu kwa fedha zake.

Mwezi Machi alikataa goli la Régis. Régis alikuwa ameotea, kila mtu aliona, na kwa kuwa mlishinda tatu kwa moja mlicheka. Lakini baada ya mechi Villemin alimwita kwenye kaunta. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kumchukua Nadège.

"Ghislaine," Villemin alisema, "kwa mechi hizi zilizobaki, hebu mkono wako uwe mzito kidogo."

"Mkono wangu una maumivu ya viungo, Gaston. Uzito hauna."

"Nakuomba kama rafiki."

"Rafiki yangu nilimng'oa jino. Ukitaka mkono mwingine, mpe mtu mwingine kibendera. Hiki hapa."

Akakiweka mezani. Kikakaa pale jioni nzima katikati ya glasi. Hakuna aliyekigusa. Naomba mlikumbuke hilo. Mngeweza kumpa mtu mwingine kuanzia Jumapili iliyofuata, na hakuna kanuni iliyowazuia. Hakuna aliyetaka kusimama mvuani mbali na bia. Jumapili akakichukua mwenyewe pale pale kilipokuwa.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili tarehe 24 Mei 1998, Vergnemont na Lonchères, uwanja wa nyumbani. Sisi tulikuwa mbele kwa pointi moja. Sare ilitutosha. Ninyi mlihitaji kushinda. Refa alikuwa kijana aliyetoka mbali, hajui mtu, na ndiye aliyepanga nani asimame upande gani. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshazeeka kimpira, nilikuwa beki wa mwisho. Kabla ya kuanza nilimsalimia Mama pale kwenye mstari. Aliniambia, "Leo usiniite Mama. Rudi kwenye nafasi yako."

Zikiwa zimebaki dakika chache, bado hakuna aliyefunga. Vergnemont walikuwa wanashambulia upande wake. Pasi ilitoka katikati, ndefu, juu ya vichwa vyetu. Kabla mguu wa aliyeipiga haujagusa ule mpira, Régis alikuwa ameshanipita. Nilimsikia akihema nyuma ya bega langu. Niliinua mkono. Najua mabeki wote huinua mkono, hata wakiwa usingizini, kwa hiyo mkono wangu hauna maana yoyote. Régis akafunga. Uwanja ukalipuka. Watu waliruka uzio. Villemin alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi.

Kibendera kilikuwa juu.

Refa alimkimbilia. "Mama, una uhakika?"

"Nimeinua kibendera, kijana. Sikuwa nafukuza nzi."

Refa akalikataa. Mechi ikaisha bila goli. Lonchères tulipanda. Wachezaji wenzangu walinibeba, nami nilikuwa namtafuta yeye kwa macho. Alikuwa anatembea kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, kibendera amekikunja, na watu wakimtemea mate. Mate, nasema. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na wengi wa waliotema alikuwa amewapikia tangu walipoanza kazi. Mtu mmoja alipiga kelele, "Ameuza mechi kwa mkwe wake!" Ikawa ndiyo habari ya kijiji kabla jua halijazama. Mkwe, yaani mimi.

Nilitaka kwenda kaunta kuwaeleza. Mama alinishika mkono mlangoni kwake.

"Wewe usiseme kitu. Ukinitetea watasema tumepanga. Umenisikia? Mpaka nife."

"Mama, lakini nilikuwepo, nilimwona."

"Na mimi nilimwona. Tunatosha."

Basi nilinyamaza kwa sababu aliniamuru. Amri hiyo imekwisha Jumanne.

Siku iliyofuata saa za asubuhi klabu ilituma watu wawili kuchukua jezi. Zilikuwa kwenye kamba, bado zinadondosha maji. Mama aliwaambia wasubiri zikauke. Walizianua zikiwa mbichi wakazitia kwenye gari. Aimé alijiuzulu ukocha wiki hiyo, na watu wakasema amefukuzwa. Mwezi Julai taifa letu lilichukua Kombe la Dunia. Nchi nzima ilicheza barabarani, watu wasiofahamiana wanabusiana. Mama na Aimé walitoka kwenda kuangalia mechi mkahawani kama wenzao, na kila meza waliyoikaribia ikawa ina mtu anayekuja. "Hapa kuna mtu." "Hapa pia kuna mtu." Walirudi nyumbani wakaisikiliza redioni. Mlicheza usiku ule mkiwa na rangi usoni, na chini ya dirisha lao mkapita mkiimba jina la Régis.

Kiwanda kilipofungwa marehemu alijifunza kazi ya kutunza wazee majumbani, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011. Nawaomba mfikirie hilo kidogo. Aliwaogesha mama zenu. Aliwakata baba zenu kucha. Alijua nani kati yenu huja kumwona mzazi wake na nani hutuma kadi. Aliingia kwa mlango wa jikoni saa mbili asubuhi, mkamwonyesha dawa ziko wapi, na saa sita mkikutana naye kwenye duka la mkate mlikuwa mnatazama mikate. Mwenye duka alikuwa anamhudumia wa mwisho, hata akiwa wa kwanza.

Na bado alikuja uwanjani. Kila Jumapili mliyocheza nyumbani alibeba kiti chake cha kukunja akakaa upande wa pili, ule wenye upupu, kwa sababu upande wa uzio mlimpa mgongo. Klabu ya Lonchères ilimwomba aje ashike kibendera kwetu, na tungempa kofia na koti. Akamwambia mwenyekiti wetu, "Asante. Mimi ni wa Vergnemont." Nilikasirika. Nilimuuliza anatafuta nini kwa watu hawa. Alisema, "Sitafuti. Ni kwetu. Waondoke wao kama hawataki kuniona."

Aimé alifariki tarehe 2 Desemba 2006. Katika mazishi yake benchi za kanisa hili zilikuwa tupu kuanzia katikati. Leo zimejaa. Nimeona hilo nilipoingia.

Régis, umekaa karibu na dirisha. Nilimwambia mke wangu sitakutaja, nikabadilisha mawazo asubuhi nilipoona shada la klabu yako.

Mwezi Januari mwaka 2010 Mama alikuwa anamlisha mama yako supu, nyumbani kwako. Uliingia jikoni ukasimama karibu na friji. Ukamwambia, "Ghislaine, siku ile nilikuwa nimeotea."

Hakuacha kulisha. Alikuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla mpira haujanifikia."

"Basi Ijumaa ukienda kaunta, waambie."

"Aa, Ghislaine. Hayo yamepita. Watu wameshasahau."

"Kama wameshasahau, mbona hawanisalimii?"

Ukachukua funguo za gari ukatoka. Mama yako, Mungu amrehemu, aliyekuwa hawezi kusema, alikuwa amekukazia macho. Mama alitusimulia Jumapili hiyo wakati wa chakula, bila kulia, akikata mkate. Nadège ndiye aliyelia. Tulingoja Ijumaa hiyo, na Ijumaa iliyofuata. Wewe ukawa mwenyekiti wa klabu mwaka 2013, na kila mwaka kwenye karamu ya mwisho wa msimu unasimulia goli lililoibwa. Vijana ambao walikuwa hawajazaliwa wanalijua. Wanapita mbele ya nyumba yake wanainua mkono juu kama kibendera na kucheka.

Hukudanganya siku ile, Régis. Ulifunga kama mshambuliaji yeyote angefunga. Umedanganya kila siku baada ya hapo, na gharama yake aliilipa mwanamke aliyekuwa akimfuta mama yako mdomo.

Leo klabu imeleta shada lililoandikwa "Kwa mshika kibendera wetu." Wenu tangu lini? Liko nje, karibu na bomba la maji. Nimeliweka mimi. Niliambiwa pia kwamba kesho kabla ya mechi kutakuwa na dakika moja ya kimya kwa ajili yake. Acheni. Kimya mlishampa, miaka ishirini na moja.

Mwezi Juni mwaka huu marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na vipimo vya hospitali vikaonyesha saratani ya kongosho. Daktari alimweleza waziwazi, naye akamshukuru kwa kutozunguka. Alitunzwa nyumbani na Nadège mpaka mwisho wa Oktoba. Jumapili tarehe 27 Oktoba alitaka kupelekwa uwanjani. Nilimbeba mpaka upande wa upupu nikamkalisha kwenye kiti chake na mablanketi. Vergnemont walifungwa mbili bila. Mshika kibendera wa sasa aliinua kibendera mapema mno kila wageni walipovuka katikati, na Mama alikuwa anaguna tu. Alilazwa kesho yake katika hospitali ya mjini, ambako wauguzi walimpenda na kumwogopa. Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Binti yake alikuwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha binti mmoja, Nadège, na mkwe. Mwana mmoja, Thierry, na mkewe Corinne. Wajukuu watatu, Maëlle, Bastien na Léonie. Na dada yake Solange. Ameacha pia kijiji, ambacho hakukihama. Familia inawashukuru wauguzi, padri, na jirani yake Bi Yvonne Jacquemin, aliyekuwa akimsalimia barabarani kila siku ya Mungu, kwa sauti, ili wengine wasikie. Bwana amlaze mahali ambapo hakuna atakayemwambia kiti kina mtu.

Jumatatu jioni nilikuwa naye peke yangu. Nadège alikuwa ameshuka kununua kahawa. Nilimwambia nimeanza kuandika haya, kwamba najua amri yake na nitaingoja, lakini kusoma mbele ya watu sitaweza, labda Thierry asome, au padri. Nilisema sauti yangu haifiki hata mwisho wa meza. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akanishika kidole kimoja, hicho tu alichokipata.

"Soma wewe. Na upaze sauti, Adelino. Walionitemea mate watakuwa wamekaa nyuma."